Uchambuzi wa kisa: Programu za kuchora na kukata katika karakana ya nyumbani, Nairobi

Usuli

Kisa hiki ni cha fundi mbao mmoja wa mashariki mwa Nairobi, mtu wa makamo, aliyejifunza useremala kwa kushika randa. Karakana yake ni chumba cha mabati nyuma ya nyumba, ndani ya ploti anayoishi pamoja na wapangaji wengine. Anatengeneza makabati ya jikoni, milango, na mabango ya mbao yenye maandishi ya kuchongwa: majina ya makanisa, shule na maduka, na mabamba ya ukumbusho. Majina, mtaa na baadhi ya sifa za wateja vimeondolewa. Hesabu za mashine na programu zimeachwa zilivyokuwa, kwa sababu ndizo zenye faida kwa msomaji.

Mwanzoni mwa 2024 alichukua mkopo wa chama akanunua kwa mkono wa pili mashine ya CNC, yaani ya kukata inayoongozwa na kompyuta, ya aina ambayo wauzaji huiita 6040, yaani meza ya takriban milimita 600 kwa 400. Muuzaji alimkabidhi mashine, sanduku la kidhibiti na diski ya programu, akamwambia kila kitu kimo humo. Mpwa wake, mtoto wa dada yake, alikuwa amemaliza diploma ya uhandisi wa mitambo na anasubiri kazi. Wakakubaliana kijana ashike kompyuta, mjomba ashike mbao. Mimi hufundisha mafundi wa karakana ndogo kutumia mashine za aina hii, na waliniita mashine ilipokuwa imekaa wiki kadhaa bila kukata hata ubao mmoja.

Hali ilivyokuwa

Sanduku la kidhibiti lilikuwa na tundu la pini 25, lile la printa za zamani. Laptopu ya fundi, ex-UK yenye Windows 10 ya biti 64, haina tundu hilo. Alikuwa ameuziwa mjini adapta ya kutoka USB hadi tundu la printa, na kwa kazi hii adapta hiyo haiwezi kusaidia hata iwe nzima namna gani. Imetengenezwa ipeleke herufi kwa printa. Mota za mashine zinataka mapigo ya umeme, maelfu kwa sekunde, kila moja kwa wakati wake kamili. Pesa hiyo ilikuwa imepotea kabla hajafika nyumbani.

Ndani ya diski kulikuwa na nakala ya kraki, yaani iliyovunjwa kufuli ya leseni, ya Mach3, programu ya kuendesha mashine za CNC. Mach3 yenyewe ni programu inayoheshimika, imeendesha mashine nyingi duniani, lakini draiva yake ya tundu la printa hufanya kazi kwenye Windows ya biti 32 tu, na nakala halali ya majaribio huishia mistari 500 ya msimbo, yaani maagizo ambayo mashine huyafuata. Maandishi ya bango moja la kanisa yanaweza kupita mistari hiyo mara kumi. Nakala ya kraki haikuwa na kikomo hicho, ila kijana alipoifungua kinga ya virusi ilianza kutoa maonyo, na laptopu ikawa nzito kuanzia siku hiyo. Hata ingefanya kazi vizuri ningemshauri aiache. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inazilinda programu za kompyuta, na huyu ni mtu anayewaandikia risiti shule na makanisa.

Mpango wa kwanza

Kijana alikuwa na jibu tayari: Autodesk Fusion, ile iliyojulikana zamani kama Fusion 360. Aliigusa chuoni, ina uwezo mkubwa, inachora na kupanga ukataji ndani ya dirisha moja, na leseni yake ya matumizi binafsi haina malipo. Ni jibu ambalo vijana wengi wa Nairobi wangelitoa, na si jibu la kijinga.

Tulikaa nalo, tukasoma masharti. Leseni ya bure ni ya mtu anayejifunza au anayejitengenezea vitu vyake, si ya kazi ya kuuza. Tangu ilipobanwa 2020, inaruhusu michoro 10 tu iwe wazi kuhaririwa kwa wakati mmoja, mwendo wa haraka wa biti (kile kisu kinachozunguka na kukata) ikiwa hewani unapunguzwa hadi kasi ya kukatia, na kubadilisha biti katikati ya faili moja hakupo. Kwa mashine ndogo kama hii, vikwazo hivyo vya kiufundi vingeweza kuvumilika. Kilichokata shauri ni kipengele cha kwanza.

"Mjomba, kila mtu anaitumia," kijana alisema.

"Kila mtu si mimi. Mimi nikikata bango nalipwa."

Leseni ya kulipia ilikuwa zaidi ya dola 500 kwa mwaka. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalihesabu. Januari 2024 dola moja ilikuwa ikigusa shilingi 160; katikati ya mwaka uleule ilishuka hadi karibu 129. Dola 500 ni shilingi 80,000 kwa hesabu ya kwanza na 64,500 kwa ya pili. Safari hii shilingi ilipanda, ikampendelea mnunuzi. Lakini fundi anayepokea malipo yake kwa M-Pesa na kulipa ada ya programu kwa dola amebeba hatari ambayo biashara yake haina namna ya kuizuia. Fundi wetu alisema hivyohivyo kwa maneno machache: deni la chama linamtosha, hataki hesabu nyingine inayorudi kila mwaka.

Kitabu cha kazi

Badala ya kuendelea kulinganisha majina ya programu, niliomba kile kitabu anachoandikia oda. Tukapitia kazi za miezi iliyotangulia, moja baada ya nyingine, tukijiuliza: hii ingehitaji mashine ifanye nini?

Matokeo yalimshangaza kijana kuliko mjomba. Karibu kazi zote zilikuwa bapa. Biti inashuka hadi kina fulani, inatembea, inapanda. Maandishi ya kuchonga. Mifereji ya kupitishia vioo. Mashimo ya milimita 35 ya bawaba za kujificha za makabati, yale ambayo fundi alikuwa akiyatoboa kwa mkono na kupoteza mlango mmoja kila biti ilipoteleza. Kazi moja tu ilitaka sura tatu kamili, yaani 3D, kichwa cha simba kwa mlango wa hoteli, na hiyo aliikataa.

Hapo ndipo kisa hiki kinageukia. Tangu mwanzo walikuwa wakitafuta programu ya kuunda vitu vya sura tatu, kwa sababu ndiyo inayosifiwa na inayovutia macho kwenye skrini. Kazi zenyewe zilikuwa za mistari na kina.

Tukagawa swali kuwa viungo vitatu, kila kimoja na programu yake. Kwanza kuchora. Pili kupanga njia ya biti, yaani kugeuza mchoro kuwa msimbo wa G: nenda hapa, shuka kiasi hiki, kata kwa kasi hii. Tatu kuendesha mashine, yaani kuusoma msimbo na kuutuma kwenye mota. Watu huuliza "programu ya CNC ni ipi" kana kwamba ni kitu kimoja, na wauzaji hufurahia swali likiulizwa hivyo.

Maamuzi na sababu zake

Tulianza na kiungo cha tatu, upande wa mashine, kwa sababu ndio usiobadilika kirahisi.

Njia mbili zilikuwa wazi. Ya kwanza ni LinuxCNC, programu huru, yaani ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha, na ambayo inajua kulitumia tundu la printa moja kwa moja. Ilihitaji kompyuta ya mezani ya zamani yenye tundu hilo, na hizo bado hupatikana mjini. Kwa mashine yenyewe naamini hiyo ndiyo ingekuwa njia safi zaidi: hakuna waya wa kugusa ndani ya sanduku. Lakini chumba kilikuwa kidogo, vumbi la MDF (mbao za unga wa mbao uliobanwa) jingi, na mtu wa kuitunza kompyuta ya pili hakuwepo.

Ya pili ni GRBL, programu huru ya kidhibiti iliyoanzishwa 2009 na Simen Svale Skogsrud, inayokaa ndani ya bodi ndogo ya saketi iitwayo Arduino Uno. Bodi ya namna hiyo ya Kichina ilipatikana barabara ya Luthuli kwa chini ya shilingi elfu mbili. Waya za mapigo na za mwelekeo zilitoka kwenye Arduino hadi kwenye plagi ya pini 25, na laptopu ikaunganishwa kwa USB ya kawaida. Wakachagua hii.

Kuisawazisha kulikuwa somo zuri la siku nzima. Mota hizi hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Draiva ya mota, yaani saketi inayoipa mota umeme, ilikuwa imewekwa igawanye kila hatua mara 8, hivyo ni mapigo 1,600. Skrubu inasogeza meza milimita 5 kwa mzunguko. Gawanya: mapigo 320 kwa milimita. GRBL kwenye Uno hutoa mapigo yasiyozidi takriban 30,000 kwa sekunde, kwa hiyo kikomo cha mwendo ni kama milimita 5,600 kwa dakika, zaidi ya mashine hii inavyohitaji. Fundi alipoona namba 320 ikiandikwa, kisha meza ikaenda milimita 100 na vernia, kile kipimio cha mkono, ikasoma 100, alivuta kiti akakaa. Kuanzia hapo alitaka kila namba aelezwe imetoka wapi.

Kiungo cha kwanza, kuchora, kilikuwa rahisi. Kwa maandishi na nembo walichukua Inkscape. Kwa makabati, ambako vipimo hubadilika kwa kila jikoni, walichukua FreeCAD. Zote mbili ni programu huru, hazidai intaneti kila zinapofunguliwa, na hakuna kipengele kinachomkataza mtu kuuza alichochora. Toleo la 1.0 la FreeCAD lilitoka Novemba 2024, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kutengenezwa, na likapunguza kasoro iliyowatesa watumiaji kwa muda mrefu: ulikuwa ukibadilisha kipimo cha mwanzo, sehemu zilizochorwa juu yake zinapoteza mahali pake na mchoro unavurugika. Kwa fundi wa makabati, ambaye kazi yake yote ni kubadilisha upana na urefu, jambo hili lina uzito wake.

Kiungo cha katikati ndicho kilichosumbua, na ndicho kilichobadilishwa baadaye. Mwanzoni walitumia viwili: F-Engrave, programu huru ndogo ya kuchonga maandishi kwa biti ya V, na sehemu ya ukataji iliyomo ndani ya FreeCAD. Hiyo ya FreeCAD ina posti ya GRBL. Posti ni kile kipande kinachouandika msimbo kwa lahaja ambayo kidhibiti chako kinaielewa. Programu yaweza kuwa nzuri kiasi gani, isipokuwa na posti ya mashine yako umenunua picha. Kutuma msimbo kwenye mashine walitumia Universal Gcode Sender, nayo huru.

Kazi za kwanza na yaliyoharibika

Bango la kwanza la mteja lilitoka dogo. Kijana alikuwa na mchoro wa zamani wa nembo, uliotengenezwa kwa Inkscape ya miaka ya nyuma. Upana ulipaswa kuwa milimita 400. Baada ya kukata, tepu ilisoma 375.

Tofauti kama hiyo haiji kwa bahati mbaya. Hadi toleo la 0.91, Inkscape ilihesabu vitone 90 kwa inchi, kuanzia 0.92, lililotoka Januari 2017, ikahesabu 96. Inkscape mpya ikifungua faili la zamani huuliza, lakini programu nyingine inayolisoma faili hilo moja kwa moja haiulizi. Tisini gawanya kwa tisini na sita ni 0.9375, na 400 mara 0.9375 ni 375 kamili. Ukikutana na kazi iliyopungua kwa asilimia sita na robo, acha kupekua mota na skrubu; tazama umri wa mchoro. Tangu siku hiyo kila mchoro wao una mraba wa milimita 100 pembeni, usiokatwa, wa kupimia tu baada ya kuuingiza kwenye programu ya pili.

Hasara iliyouma zaidi ilikuwa bango la shule. Ubao ulikuwa MDF ya milimita 18, herufi nene, na biti ya V ya nyuzi 60. Biti ya V haina kina kimoja: inashuka hadi kingo zake ziguse pande zote mbili za mstari wa herufi, hivyo herufi ikiwa nene zaidi biti inazama zaidi. Kwa nyuzi 60, kina ni nusu ya upana gawanya kwa 0.577. Sehemu nene kuliko zote za herufi zile ilikuwa milimita 22. Nusu yake ni 11, na 11 gawanya kwa 0.577 ni 19. Ubao una 18.

Fundi alisikia kabla ya kuona. Mlio wa biti ulibadilika kutoka kuvuma hadi kukwaruza, unga uliokuwa wa kahawia ukatoka na chembe za rangi ya mbao ya chini, akabonyeza kitufe chekundu. Herufi ilikuwa imetobolewa, na meza ya chini ilikuwa na alama ya V kama ya patasi. Hasira yake haikuwa kwa kijana. "Programu ilijua unene wa ubao?" aliuliza. Haikuujua, kwa sababu hakuna aliyeiambia. F-Engrave ina mahali pa kuweka kikomo cha kina, na pale palikuwa patupu. Dawa zilikuwa mbili: kuweka kikomo, au kutumia biti ya nyuzi 90, ambayo kwa upana uleule ingeshuka milimita 11 tu. Walifanya zote mbili, na biti ya nyuzi 90 sasa ndiyo inayokaa kwenye mashine siku nyingi.

Tatizo la tatu lilikuwa stima. Tokeni iliisha katikati ya kazi. Kwenye karakana ya kawaida mashine ingezima, basi. Hapa laptopu ina betri, na Arduino inakula umeme wa laptopu kupitia USB. Kwa hiyo mota zilikufa lakini kidhibiti kiliendelea kupiga hatua, na kwenye skrini ile nukta ndogo inayoonyesha biti iliendelea kutembea juu ya herufi kana kwamba inakata, huku biti yenyewe imesimama ndani ya mbao. Kijana akakimbia kununua tokeni. Stima iliporudi mota ziliamka, spindo, yaani mota inayozungusha biti, haikuamka, na biti iliyosimama ikaburutwa ubavuni hadi ikakatika.

Suluhisho lilikuwa la mtaani na la bei nafuu: rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, yenye koili ya volti 240 iliyochomekwa kwenye umeme uleule wa mashine. Umeme ukipotea, rilei inaachia na kuunganisha pini A1 ya Arduino na ardhi, ambayo kwa GRBL ni amri ya kusimama. Waya wa volti 240 ulifungwa na fundi umeme, ndani ya kisanduku chake, mbali na waya za Arduino. Hapo hapana nafasi ya kubahatisha. Pamoja na rilei, walifunga kona ya chuma kwenye meza, ambayo kila ubao unasukumwa hadi uiguse. Sifuri ya kila kazi iko kwenye kona hiyo. Stima ikipotea, wanarudisha biti kwenye kona, wanaweka sifuri upya, na kuanza tena sehemu iliyokatizwa. Faili za kazi ndefu huzigawa mapema ili sehemu hiyo iwe fupi.

Matokeo

Katika mwaka uliofuata karakana ilikata mabango na milango ya makabati mara kwa mara. Mashimo ya bawaba yakawa kazi ya uhakika, na fundi akaanza kuwatobolea maseremala jirani milango yao kwa malipo, kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekipanga. Mkopo wa chama haujaisha, lakini awamu zinalipwa kwa kazi ya mashine yenyewe.

Kisha kijana akapata kazi nje ya Nairobi. Mjomba akabaki na programu nne, na zile hatua za FreeCAD za kupanga ukataji zikamshinda: chagua kazi, weka malighafi, tengeneza kifaa, weka kasi, chagua posti. Kila hatua ina maana yake, lakini ni nyingi kwa mtu anayefungua kompyuta mara mbili kwa wiki. Alipopiga simu alikuwa karibu kurudi kwenye drili ya mkono.

Wakati huo alikuwa tayari kulipa, kwa sharti moja, kwamba alipe mara moja. Tulijaribu Estlcam, programu ya Kijerumani ya Windows ambayo leseni yake hununuliwa mara moja na haifiki euro 100. Unafungua faili la mchoro, DXF au SVG, unabofya mstari, unachagua biti na kina, unahifadhi. Posti ya GRBL imo, na uchongaji wa herufi kwa biti ya V pia umo, kwa hiyo ilichukua nafasi ya F-Engrave na ya sehemu ya ukataji ya FreeCAD. Alilipia kwa kadi pepe ya Visa ya M-Pesa, ile iliyoanzishwa 2022, bila kwenda benki. Inkscape, FreeCAD na Universal Gcode Sender zilibaki.

Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote ni kuanza upande wa mashine. Kidhibiti kilipojulikana kuwa ni GRBL, nusu ya maswali yalijifuta: programu yoyote isiyo na posti ya GRBL ikatoka mezani, hata ikiwa nzuri namna gani. Wangeanza na programu ya kuchora, kama walivyotaka, wangejifunza kwa miezi kitu ambacho pengine kisingezungumza na sanduku lile.

Kugawa viungo vitatu nako kulilipa, na faida yake ilionekana siku ya kubadilisha. Kiungo cha katikati kilipomshinda mzee, kilitolewa peke yake. Michoro ya zamani ilifunguka, kidhibiti hakikuguswa. Angekuwa ndani ya programu moja inayofanya yote, kubadilisha sehemu moja kungemaanisha kuhamisha kila kitu, pamoja na michoro ya wateja.

Kuhusu bure na kulipia, msimamo wangu ni huu. Kwa karakana inayouza kazi yake, programu huru ni salama kuliko programu ya bure yenye masharti, kwa sababu sharti linaweza kubadilika ukiwa na michoro mia ndani yake. Na programu ya bei ndogo inayonunuliwa mara moja mara nyingi ni nafuu kuliko ya bure, ukihesabu saa za mtu mzima anayejifunza usiku baada ya kazi. Kumwambia fundi wa makamo avumilie tu kwa sababu haina malipo si kumheshimu. Wakati huohuo nisingependekeza waanze na Estlcam siku ya kwanza. Miezi ile ya programu huru iliwaonyesha wanahitaji kubofya nini, na euro zilitoka wakijua wanachonunua. Anayesomea uhandisi wa mitambo, au anayetengeneza vipuri vya chuma vya sura tatu, ana hesabu tofauti, na Fusion yaweza kumfaa sana. Kisa hiki ni cha mbao bapa.

Yaliyokwama yalikuwa na asili moja: kila hasara ilitokea pale kitu kilipotoka mkononi mwa programu moja kwenda nyingine. Kipimo kilipotea kati ya mchoro na msimbo. Unene wa ubao ulibaki kichwani mwa fundi, haukuingia kwenye kompyuta. Kupotea kwa stima hakukufika kwenye Arduino. Hii ndiyo bei ya kuunganisha programu ndogondogo, na anayechagua njia hii anapaswa kuilipa mapema kwa mazoea: mraba wa kupimia, kikomo cha kina, kona ya chuma, na kusoma mistari ya kwanza ya msimbo kabla ya kuwasha spindo. Mstari wa G21 ukiwepo, vipimo ni milimita; ikiwa ni G20, ni inchi, na usiendelee. Biti iinuke kwanza, Z5 (milimita 5 juu ya ubao) au zaidi, kabla ya X na Y, pande mbili za meza, kusogea. Fundi huyu hajui Kiingereza kingi, lakini mistari hiyo anaisoma bila kusitasita.

Kasi ya kukatia ilipaswa kufundishwa mapema zaidi. Walikuwa wakiinakili kutoka video za watu wenye mashine kubwa, na biti nyembamba kadhaa ziliungua au kukatika bila sababu. Hesabu yenyewe ni fupi: mizunguko kwa dakika, mara idadi ya meno ya biti, mara unene wa chembe ambayo kila jino linaondoa. Spindo ikizunguka 12,000, biti ya milimita 3.175 yenye meno mawili, chembe ya milimita 0.05, ni milimita 1,200 kwa dakika. Programu yoyote itakubali namba yoyote utakayoiandika pale, iwe sahihi au mbovu.

Udhaifu uliobaki ni kwamba kwa karibu mwaka mzima ujuzi wa kompyuta ulikaa kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa njiani kuondoka tangu siku ya kwanza. Kila mtu alilijua hilo. Mjomba alipaswa kukaa mbele ya skrini mapema, hata kwa bango moja kwa wiki, huku mpwa akiwa bado pale wa kuulizwa. Sasa fundi ana kaunta buku la pili lenye biti, kina na kasi ya kila kazi iliyotoka vizuri, na amemchukua binti wa jirani aliyemaliza kidato cha nne ajifunze naye. Binti ndiye anayechora. Msimbo wanausoma wote wawili kabla ya kukata.